Isale la Kwenye Kopo

Nilipokuwa kijana, kabla sijaoa, nilishuka kutoka Kilema nikaenda Chekereni kuamia ndege. Watu wa mlimani walinicheka. Mtoto aliyezaliwa kwenye migomba anakwenda kufukuza ndege wa watu katikati ya matope na mbu! Lakini nyumbani tulikuwa wavulana wengi na kihamba, shamba la migomba la ukoo, ni kile kile, hakivutiki kama nguo ya mpira. Na shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne. Mimi na hesabu tuligombana mapema.

Asiyeijua kazi ile nimweleze kidogo. Mpunga ukianza kutoa maziwa, wanakuja kweleakwelea, vindege vidogo vinavyojaa kiganjani, lakini vinakuja kama moshi wa tanuri. Wewe unakaa juu ya dungu, kichanja cha miti kilichoezekwa nyasi, una kombeo, na una kamba ndefu iliyotungwa makopo matupu shamba zima. Ukivuta, makopo yanalia. Halafu unapiga kelele. Kelele ndiyo kazi yenyewe. Mwenye shamba asipokusikia anajua umelala.

Sasa mtu hawezi kupiga kelele tupu kuanzia alfajiri mpaka jua linazama. Maneno yanakuja yenyewe. Ng'ambo ya mfereji, mbali kabisa, kulikuwa na dungu lingine, na juu yake kijana wa Upareni ambaye sikuwahi kuuona uso wake, niliona kofia tu. Tukaanza kujibizana.

"Weee wa mlimani! Leo maji yote mmekunywa nyinyi?"

"Tumeogeshea ng'ombe! Subiri yaliyobaki!"

"Ndiyo maana mpunga wetu unanuka ng'ombe!"

"Shukuru unanuka kitu!"

Msimu mzima tulikuwa hivyo. Tulibishana ndizi na ugali kipi kinamshikilia mtu tumboni. Tulibishana maji ni ya nani, ya yule yanapopita kwake au ya yule yanapofika kwake. Tulibishana kama mwezi una watu. Jioni koo limekauka, nashuka kwenye dungu huku nacheka peke yangu, nikipanga nitakachomjibu kesho. Mpunga ulipovunwa nikavuka mfereji kwenda kumwona. Nikamkuta anakunja mkeka wake. Tukashikana mikono. "Habari za kazi." "Nzuri." "Mpunga umekubali." "Umekubali." Basi. Tulisimama pale kama watu waliokutana msibani, kila mmoja anaangalia vidole vya miguu yake, mpaka akabeba mkeka akaenda zake. Jambo lile lilinishangaza miaka mingi.

Nimemsomea mke wangu mpaka hapa, ameuliza ndege wanahusiana nini na habari niliyosema ninaandika. Nimemwambia angoje. Amesema amengoja tangu tuoane.

Habari yenyewe ni ya grupu. Binti yetu anafanya kazi Moshi mjini, na siku moja alikuja na simu ya kupangusa, akasema, "Baba, hii ni yako, uache kuniazima yangu kila nikija." Akanifundisha kuwasha, kuzima na kutafuta miwani kabla ya kuishika. Kisha akaniingiza kwenye grupu la wasomaji. Nikamwambia mimi si msomaji, vitu nilivyosoma maishani ni kitabu cha sala na maandishi ya kwenye mifuko ya mbolea. Akasema, "Wewe mbishi, baba. Kule wanahitaji wabishi."

Grupu lile ni la watu wenye asili ya huku kwetu, na wengine waliooa au kuolewa huku, na wengine waliopenda tu, wametawanyika kote. Yuko wa Dodoma, yuko wa Dar, yuko dada mmoja anaishi nchi ya baridi anayeamka wakati sisi tunakula mchana. Msimamizi ni mama wa Kiislamu wa pale mjini, alifanya kazi za maktaba mpaka akastaafu, sasa anashona nguo barazani kwake, na nyuma ya cherehani pana kabati la vitabu. Kila mwezi tunasoma kitabu kimoja. Mwenye uwezo ananunua, asiye na uwezo anaazima kabatini, na mimi siku ya soko nikiteremka na ndizi napitia kwake. Lakini kitabu ni chanzo tu. Kutoka kwenye kitabu mnaingia kwenye mahari, kutoka kwenye mahari mnaingia kwenye bei ya kahawa, mkistuka mko kwenye katiba, na kuna mtu ameuliza mtori, supu yetu ya ndizi, unawekwa nazi au hauwekwi. Hauwekwi! Nitarudi hapo nikipata nafasi.

Siku ya kwanza nilipoingizwa, Mama Msimamizi akaandika, "Mpokeeni mzee wetu wa Kilema." Aisee! Simu ikaanza kutetemeka mezani kama imepata homa. Shikamoo mzee. Shikamoo babu. Shikamoo mangi. Shikamoo, shikamoo. Nikakaa chini nikamjibu kila mmoja marahaba yake, kwa kidole kimoja, mpaka ng'ombe wakaanza kulia njaa.

Mama Msimamizi akaandika, "Mzee, marahaba moja inatutosha wote."

Nikamjibu, "Kwetu marahaba haigawanywi kama soda."

Wakacheka sana, nikaona vile vikatuni vinavyotoa machozi, na nikajua nimefika mahali pangu. Moyo wangu ulikuwa unaruka. Mke wangu akauliza nina nini. Nikasema, "Nimerudi dunguni."

Sasa kwenye grupu lile alikuwamo mtu mmoja wa Mwanza, fundi wa majokofu, mdogo kwangu kwa miaka kiasi. Picha yake ilikuwa mti wa kahawa, hana sura. Huyo ndiye aliyekuwa kijana wangu wa Upareni safari hii. Nikisema jua yeye anasema mvua. Siku moja ilizuka habari ya maji. Huku kwetu tuna mifongo, mifereji ya zamani inayoteremsha maji kutoka msituni mpaka kwenye vihamba, na siku hizi mabomba nayo yamekuja, yana mita na ankara. Yule wa Mwanza akaandika kwamba maji ya bomba lazima yalipiwe, kwa sababu bomba halijitengenezi.

Nikaandika, "Na mfongo ulijitengeneza?"

Akajibu, "Mfongo una majani na kinyesi cha mbuzi, mzee. Nani atalipia kinyesi?"

"Wewe umekua kwa kinyesi hicho hicho mpaka ukajua kutengeneza jokofu!"

Yule wa Dodoma akaandika, "Mzee ana pointi." Mimi nikamwita mke wangu jikoni kumwambia nimepewa pointi. Akauliza, "Zinapikwa na nini?"

Tulibishana maji kwa wiki nzima. Nikimaliza kukamua narudi kwenye simu. Nikichoka kuandika natuma sauti, na sauti zangu ni ndefu, sikatai, ninaanza na maji napita kwa marehemu mjomba wangu aliyeanguka mfongoni siku ya harusi yake. Wa Mwanza alikuwa anasema, "Mzee, fupisha, bando langu linaisha na mjomba bado hajaanguka." Lakini alikuwa anasikiliza. Nilijua kwa sababu alikuwa anajibu mpaka yale ya mwishoni kabisa.

Mwezi uliofuata kitabu kilikuwa cha dada wawili waliorithi nyumba moja, wakagombana, wakajenga ukuta katikati ya sebule. Nilikuwa namsomea mke wangu kwa sauti wakati anamenya ndizi. Alikuwa anamsema dada mkubwa kama vile ni wifi yake. "Huyo mwanamke! Ukuta unapita juu ya jiko, anapikia wapi?" Grupu likaanza kujadili nani avunje ukuta. Wasomi waliandika mambo mazito, mmoja akaleta habari za ukoloni. Mama Msimamizi akauliza, "Mzee wa Kilema, bibi anasemaje?" Maana walishazoea kumuuliza.

Mke wangu akasema bila kuinua kichwa, "Aliyejenga abomoe. Lakini yule mwingine ampelekee maji ya kunywa wakati anabomoa. Asikae tu kumwangalia anatoka jasho."

Nikaandika kama alivyosema. Grupu likapiga makofi. Wa Mwanza, aliyekuwa na neno kwa kila kitu, hakuandika kitu. Nikashangaa, nikamchokoza, kimya. Asubuhi yake nikakuta ameniandikia mimi peke yangu, pembeni.

"Shikamoo mzee. Mama ana akili sana. Naomba kukuuliza. Kwa unavyoelezea nyumba yako, na kanisa, na ule mteremko, wewe si ni jirani wa kaka yangu?"

Nilikaa juu ya ndoo. Nikamjua sasa. Jirani yangu wa upande wa juu ana mdogo wake mmoja tu, na kijiji kizima kinajua walivyoachana. Baba yao alipofariki walikatiwa kihamba katikati, na mpaka ukapandwa masale. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, mwembamba, hauna tunda wala mbao, lakini kwetu ndio unaoheshimika kuliko yote. Tunaupanda mipakani, tunaupanda makaburini. Na ukimkosea mtu unafunga kifundo jani lake unampelekea, na akishaletewa isale ni vigumu mno kwake kukukataa, hata kama ulimfanyia ubaya wa kutisha. Basi yule mdogo mtu, wakati ule kijana mwenye damu ya moto, aliamini kaka yake ameusogeza mpaka kwa mstari mmoja wa migomba. Asubuhi moja akayang'oa masale yote akayatupa njiani, akapanda basi. Kung'oa isale la mpaka! Watu walipita pale wakiyaruka kama wanaruka nyoka. Tangu siku hiyo hajarudi. Na huku kwetu Desemba kila mtu anarudi, hata aliyeko gerezani roho yake inarudi. Yeye Krismasi zote alikuwa anakula huko huko.

Nikamjibu, "Ndiye mimi. Kaka yako ni mzima, magoti tu yanamsumbua."

Akaandika, "Nataka kurudi Krismasi hii, mzee. Sitaki nije nisimame njiani watu waniangalie. Nataka yeye aseme nije. Basi."

Hilo ndilo alilolitaka, na kuanzia siku hiyo mimi sikulala vizuri kwa furaha na hofu. Maana mimi nilijua jambo moja ambalo yeye hakulijua. Kila Krismasi jirani yangu anachinja mbuzi, na nyama inagawanywa kwa taratibu ya ukoo wao, kila mtu na kipande chake kwa nafasi yake. Na kila mwaka jirani alikuwa anakikata kipande cha mdogo wake. Anakiweka pembeni juu ya jani la mgomba. Jioni, mwenyewe hajaja, ananiletea mimi, hasemi neno.

Nikamwambia yule wa Mwanza. "Kipande chako kinakatwa kila mwaka. Ninayekula ni mimi."

Kisha akaandika, "Kinakuwaje?"

"Kitamu sana, nisikudanganye."

"Basi mwaka huu usikitegemee, mzee."

Nikacheka nikafuta miwani. Lakini nani wa kwenda kumwambia kaka mtu? Kwenye grupu zamu ya mazungumzo ya mila ikafika, na mtu akauliza habari za masale, kama vijana bado wanayajua. Ilikuwa siku ya moto! Yule dada wa nchi ya baridi alisema yeye aliomba radhi kwa mama mkwe kwa kutuma maua. Wa Dodoma akasema isale ni jambo la wazee, siku hizi kuna mahakama. Mimi nikamwambia mahakama inakuambia nani mwenye haki, isale halikuulizi hilo. Nilituma sauti ndefu kuliko zote. Na katikati ya kelele hizo yule wa Mwanza akaweka picha. Isale moja, la kijani, limesimama, na jani lake moja limefungwa kifundo. Chini akaandika, "Na hili je? Linapokelewa?"

Grupu zima lilidhani ni swali la mjadala. Mimi nilijua linaelekezwa kwa nani.

Hapo ndipo nilipofanya haraka yangu. Kwa taratibu, isale linapelekwa na mtu mzima mwenye heshima zake, anatuliza moyo, anachagua siku. Mimi nilivaa koti juu ya nguo za bandani, nikatoka na simu mkononi, nikapita katikati ya migomba kama mtu anayekimbiza kuku. Nikamkuta jirani anamkatia ng'ombe majani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Umefukuzwa na nani?"

"Nimekuletea isale," nikasema, nikamnyooshea simu.

Akajifuta mikono, akaishika mbali na macho, akaigeuza, akaigeuza tena. Uso wake ulibadilika, halafu ukajifunga kama dirisha.

"Umeleta isale au umeleta simu?"

"Limo ndani."

"Jani haliwi ndani ya kioo, mzee. Jani linabebwa, linanyauka mkononi mwa mtu njiani, ndipo unajua amekuja." Akanirudishia. "Limetoka kwa nani?"

"Unajua limetoka kwa nani."

"Yule aliyang'oa yote. Hili amelitoa wapi? Amenunua sokoni Mwanza?" Akarudi kwenye majani yake, anayakata mafupi mafupi kama anayatafuna kwa panga. Nami nikarudi nyumbani nimelegea, isale langu mfukoni linaita kwa meseji.

Kumbe grupu lilikuwa linawaka. Picha ni isale au si isale? Wengine walisema mbona harusi zinafungwa watu wanatazama kwenye simu, mbona rambirambi zinatumwa kwa simu na zinapokelewa bila kunyauka. Mama Msimamizi alisema barua ya posa kwao hubebwa na watu, haitumwi kwa posta, ingawa posta ipo. Hilo lilinigusa. Mke wangu akasema niache kuwasikiliza wote, nimuulize mwenye isale swali lile lile aliloliuliza kaka yake. Nikamwandikia pembeni: kaka yako anauliza umelitoa wapi.

Akanitumia sauti. Kawaida yeye ni mtu wa kuandika, alikuwa ananicheka mimi na sauti zangu.

Nikaisikiliza nimesimama, na kabla haijaisha nilikuwa tena kwenye migomba, koti nimelisahau. Jirani aliponiona akasema, "Wewe leo una nini?"

"Nyamaza usikilize," nikamwambia. Nikabonyeza.

Sauti ikatoka pale bandani, kati yetu na ng'ombe. "Kaka, shikamoo. Siku ile niliyang'oa yote, nikayatupa njiani, unajua. Moja nililirudia. Nililiokota na udongo wake nikalifunga kwenye shati, nikapanda nalo basi. Sijui kwa nini, nilikuwa na hasira, nikajiambia nitakuja kulipanda mahali pake pa haki. Nimelipanda kwenye kopo la maziwa. Kopo likipata kutu nabadilisha. Nimehama nyumba nne nalo. Mke wangu anadhani ni pambo. Ndilo hilo la kwenye picha, kaka. Si la sokoni."

Ng'ombe akapumua. Jirani akaweka panga chini. Kisha akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akaisikiliza ameinamisha sikio karibu na kiganja changu. Ilipoisha akasema, "Amekuwa na sauti ya baba." Akaokota panga, akaliweka, akaliokota tena.

"Mwambie asinitumie picha," akasema. "Alete kopo."

Nisimulie nilivyorudi nyumbani? Nilirudi kwa miguu ya kijana. Nilimwambia mke wangu, nilimwambia ng'ombe, kisha nikaandika maneno mawili tu kwa yule wa Mwanza, mimi niliyeshindwa kufupisha maisha yangu yote: "Leta kopo." Yeye mwenyewe akaomba niliambie grupu, wameshindana vya kutosha, wana haki ya kujua. Nikaandika yote. Yule dada wa nchi ya baridi alisema analia kwenye treni na watu wanamwangalia. Wa Dodoma aliandika kwamba anaondoa hoja yake ya mahakama. Na kuanzia hapo hatukusoma kitabu, Mama Msimamizi aweke sheria asiweke, watu walikuwa wanauliza kopo limefikia wapi. Limepanda basi? Limepakatwa au limewekwa chini? Jibu lilikuwa linakuja: "Limepakatwa."

Alifika mchana wa siku moja kabla ya Krismasi. Nilimwona anapandisha njia, mwanamume mfupi mwenye mvi, shati limefungwa hadi shingoni, kopo ameshika kwa mikono miwili kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Jani lenye kifundo lilikuwa limeshanyauka kwa safari. Kaka mtu alikuwa anamngoja pale pale palipokuwa mpaka, ameegemea jembe. Mimi na mke wangu tulisimama upande wetu tukijifanya tunaangalia ndizi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umechelewa, jua limepanda." Kama vile alimtuma dukani asubuhi. Akaliangalia lile jani, akaligusa kwa kidole, akatikisa kichwa kwamba amelipokea. "Panda."

"Wapi?"

"Si wewe unayejua mahali pake pa haki?"

Mdogo mtu akatembea, akapima kwa macho, akaweka kopo chini. Kaka mtu akasogea akalisukuma kwa mguu kuelekea kwake mwenyewe, kihamba cha mdogo kikakua kidogo. Mdogo akalirudisha, akapitiliza upande wake. "Hapana kaka, hapa."

"Hapo umejipunja."

"Sijajipunja!"

"Mimi ninasema umejipunja! Unanifundisha mpaka wa baba yangu?"

"Ni baba yangu pia!"

Na sauti zinapanda, wazee wawili wanasukumiana kopo, kila mmoja anataka kumpa mwenzake ardhi kwa nguvu, nami nikaona leo watapigana tena kwa jambo la kinyume. Mke wangu akapaza sauti kutoka kwetu. "Pandeni mti wa watu! Udongo unakauka!" Akawa ameshabeba jagi la maji, amevuka nalo. Wakanyamaza kama watoto. Wakapanda pale kopo lilipokuwa limesimama wakati huo. Na mke wangu akamimina maji, nusu kwenye isale, nusu akawapa wakanywa.

Kesho yake mbuzi alichinjwa. Kipande cha mdogo kilikatwa, na safari hii hakikuwekwa pembeni, kiliwekwa mkononi mwake, akakila amesimama. Mimi nilipewa shingo. Nilikuwa nimekaa karibu naye, mbege, pombe yetu ya ndizi, imejaa kwenye kibuyu, na nilikuwa na furaha kama mtu aliyeletewa sikukuu mbili kwa pamoja. Mshindani wangu yuko hapa, ana miguu, ana meno! Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia, "Sasa tuzungumze habari ya maji. Mfongo ule pale, unauona. Una kinyesi?"

Akautazama mfongo. "Hauna, mzee."

"Basi sema bomba ni bora, tubishane."

"Huenda wewe uko sahihi."

Hilo lilinikata maini, nikamkumbuka yule wa Upareni na mkeka wake. Nikamchokoza habari za kahawa, akatabasamu. Nikamwambia mtori wa Mwanza wanautia nazi. Akasema hajui. Nikatoa simu, nikawaandikia kwenye grupu kwamba tumekaa pamoja, naye yupo, anakula kipande chake. Mvua ya makofi! Vikatuni, pongezi, wote wanamtaka. Mama Msimamizi akaandika, "Fundi wetu, sema neno, tumekungoja mwaka mzima."

Akatoa simu yake mfukoni. Akasoma yote, taratibu, midomo inacheza. Akaandika, na ikatokea kwangu: "Nimefika. Asanteni sana." Kisha akabonyeza tena, na chini ya maneno yake nikaona kale kamstari kadogo ka kijivu. Amelefti, ametoka kwenye grupu.

"Umekosea!" nikamwambia. "Umebonyeza pasipo penyewe. Lete nikuonyeshe, Mama Msimamizi anakurudisha sasa hivi."

"Sijakosea, mzee wangu," akasema. Akaizima simu, akaitia mfukoni. Kaka yake alikuwa anamwita kutoka bandani, ng'ombe hajakamuliwa. Akainuka, akanishika bega, akachukua ndoo iliyokuwa imening'inia kwenye mgomba, akapita pembeni ya isale bila kulikanyaga, akaenda zake. Kwenye grupu hajarudi mpaka leo.